Usifute Penseli

Chukua, Mwanaate. Kipanguse unga kwanza;
kila kinachokaa kinuni kwangu
huota mvi kabla ya siku zake.
Jalada halipo. Jina lilikwenda na jalada,
na hapa Langoni twakiita Kile cha Samli
kwa doa hili, lililoanzia ukurasa wa tisa
likapenya, likapenya, hadi wa thelathini na moja,
pale wawili hao wanapoonana mara ya kwanza
na kugombana.

Ndiyo, ni cha mapenzi. Usinitazame hivyo.
Mwanamume wa miaka hamsini na sita,
msaga mahindi, mwenye kikohozi cha punda wa mchanga,
nakwambia mbele ya hawa wanaongoja zamu: kisome.
Shekuwe amekisoma. Alikirudisha usiku, kimefungwa gazetini
kama nyama ya magendo,
akaniuliza, sauti chini, kama kipo cha pili.

Hakipo cha pili.

Sasa sikiza. Mwanamke anadarizi kofia.
Mwanamume anamdai shilingi kumi na saba
za uzi ambao bibi anaapa hakuuchukua.
Basi. Ndiyo hadithi yote, ukiipima kwa kibaba.
Lakini mwandishi wake (Mungu amrehemu, kama alikufa,
maana jina lake nalo lilikuwa kwenye jalada)
alijua kwamba deni ni kisingizio cha kupita mlangoni kwa mtu
kila Ijumaa, miaka miwili,
na kwamba mdaiwa aweza kuwa nazo shilingi zote
zimefundikwa kwenye pindo la leso
asizitoe.

Sura ya saba itakuchosha. Mashauri ya mirathi,
wajomba watano, kila mjomba na hotuba yake.
Ruka. Mimi sikuruka, nikajuta.
Ila usiruke ile ya kipimo,
bibi anaposema, "Kichwa chako sikijui,"
na bwana anainama.
Hakuna kuguswa hapo. Ni uzi tu, umezunguka paji la uso,
na vidole viwili vimeshika fundo.
Siku ile nilisaga magunia manne
na silikumbuki hata moja.

Sasa penseli.
Kimepita mikono mingi, na kila mkono umeacha neno:
"Muongo huyu!" "Mpe, mpe pesa zake!"
Mmoja amepiga hesabu ya sukari na mchele.
Lakini mwandiko mdogo, uliolalia kushoto,
huo ni wa Barke.

Nilikuwa nikimwambia, Zima taa, nina kazi alfajiri.
Akinijibu, Lala wewe, mato ni yangu.
Sikuuliza anasoma nini. Miaka ishirini na miwili
nililala nimeipa mgongo taa ile.
Nilikifungua baada ya arubaini yake,
nikitafuta risiti ya maji,
nikafika ukurasa wa mia na kumi na mbili,
yule bwana anapokiri kwamba uzi haukupotea,
ulikuwa mfukoni mwake tangu siku ya kwanza
(nimekutobolea siri, nisamehe)
na pembeni, kwa penseli, Barke ameandika:
"Na wewe je?"

Ni mimi? Ni bwana wa kitabuni?
Huenda ni msomaji yeyote, hata wewe.
Nilikaa na swali hilo masika mawili.
Kisha nikachukua kalamu ya kuandikia magunia,
nyeusi, nene, isiyofutika,
nikajibu chini yake. Neno moja. Utaliona,
limetokeza hadi upande wa pili.

Basi nenda nacho. Usikiweke karibu na jiko.
Kurasa mbili za mwisho zimegandana
kwa samli nyingine, nami sikuthubutu kuzibandua.
Wewe una kucha na subira, jaribu.
Ukijua pesa zile ziliishia wapi, nambie.
Au usinambie.

Unga wako huu, kilo nne.
Pesa? Ziache, Mwanaate.
Utalipa Ijumaa.